Miguu Miwili na Siku Sita

Mageni hakuwa daktari wala nesi, na hakukalia dawati la shule hata siku moja. Katika hospitali ya serikali pale Shinyanga aliandikwa mhudumu, maana yake mtu wa kutumwa na kila mtu. Alianza kwa kufagia baada ya mumewe, mlinzi wa mgodi wa almasi kule Songwa, kufa kwa homa. Akapelekwa kufua bandeji. Mwisho akawekwa chumba cha plasta, kuloweka bandeji katika beseni na kumkabidhi daktari anapofunga mifupa iliyovunjika. Alikaa chumba hicho miaka kumi na minne. Madaktari walikuja, wakahamishwa, wengine wakapanda vyeo. Mageni alibaki na beseni lake.

Lakini alikuwa na jambo lake ambalo hakufundishwa na mtu. Mgonjwa akishafungwa plasta, Mageni hakumruhusu aende. Alimkalisha kwenye benchi la nje, akaushika ule mkono au mguu, akaibana kucha kwa kidole gumba mpaka ikawa nyeupe, kisha akaiachia na kuitazama. Ikirudisha wekundu upesi, alisema, "Nenda salama." Ikichelewa, alirudi ndani na kumwambia daktari, awe Mzungu au Mwafrika, "Hii imebana. Damu haipiti." Daktari mmoja aliwahi kumfokea kwamba hakuajiriwa kusoma kucha. Mageni alimjibu kwa upole, "Kweli, Daktari, kusoma sijui. Lakini kucha haisemi uongo." Plasta ile ikafunguliwa.

Zuwena alimjua mwanamke huyo akiwa amechelewa kwa siku kumi.

Zuwena alikuwa mshonaji wa kofia, zile za mkono za kutoboatoboa kwa uzi, ambazo wanaume wa mjini huvaa Ijumaa na siku ya Idi. Kofia yake moja ilichukua miezi miwili, na walikuwapo watu wa Tabora waliozisubiri. Mwaka wa sabini na moja, wakati wa masika, aliteleza kwenye saruji yenye maji pale sokoni, mkono wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Mumewe, Akida, hakutaka foleni ya hospitali ya serikali. Alimpeleka kwenye kliniki ya rafiki yake mmoja mjini, daktari mwenye gari na miwani ya dhahabu, akafungwa plasta kwa haraka, maana mwenye kliniki alikuwa na wageni.

Siku ya pili vidole vilivimba. Zuwena akarudi. Mwenye kliniki akamwambia, "Plasta mpya huuma kama kiatu kipya, mama. Vumilia." Siku ya nne vidole vikawa vya bluu. Akarudi tena, akapewa vidonge. Siku ya sita hakusikia tena maumivu, akaambiwa na yule bwana, kwa tabasamu, "Unaona? Nilikwambia." Zuwena alilikumbuka tabasamu lile maisha yake yote. Siku ya kumi harufu ilianza kutoka ndani ya plasta, na jirani mmoja akamburuta mpaka hospitali ya serikali.

Mageni ndiye aliyeshika mkasi mkubwa akaikata plasta ile. Alipoipasua vipande viwili alitazama ndani, akaguna.

"Haina pamba," alisema.

"Pamba ya nini, mayu?" Zuwena aliuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na yeye, ingawa baba yake alitoka pwani, alizaliwa hapo hapo Shinyanga.

"Kabla ya plasta mkono huvikwa pamba, mwanangu, uweze kuvimba na kupumua. Huyu kakupaka juu ya ngozi kama anapiga ukuta lipu."

Mkono uliponywa kidonda, lakini haukurudi kuwa mkono. Vidole vilijikunja kama mguu wa kuku aliyechinjwa, vikabaki hivyo. Sindano haikushikika tena. Akida alivumilia miezi mitano, kisha akatoa talaka na kwenda Buseresere, akafungua duka na kuoa mke mwenye mikono miwili. Zuwena alikaa eda yake peke yake, akiihesabu kwa mwezi wa angani kama wanawake wa kwao wote.

Alipoapa kwamba mwenye kliniki atajibu mbele ya hakimu, watu walimcheka. Mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake amshitaki daktari! Lakini alimlipa mwandishi wa barua pale posta, kesi ikafunguliwa. Mwenye kliniki akaja na wakili kutoka Mwanza, mtu mwenye sauti laini. Wakili hakubisha kwamba mkono umeharibika. Alisema tu, "Mheshimiwa, huyu mama anasema plasta ilifungwa vibaya. Yeye ni fundi wa kofia. Atuletee taarifa ya daktari bingwa inayosema hivyo. Kama hana, kesi hii haina miguu." Hakimu akaona ni haki. Akatoa siku tisini. Taarifa isipofika mahakamani ndani ya siku hizo, kesi itafutwa na haitafunguliwa tena.

Dirishani, karani aitwaye Selestine alimpa karatasi. "Siku tisini, mama. Miezi mitatu hiyo, siyo mingi."

Karatasi ile ilikuwa na tarehe, tena imepigwa kwa mashine. Zuwena aliikunja akaitia kifuani. Angeweza kumwonesha jirani amsomee, lakini alishachoka kuchekwa. Na miezi mitatu alijua kuihesabu. Ndiyo kwanza ametoka kuihesabu katika eda. Jioni ya jana yake mwezi ulikuwa umeandama. Hesabu ikaanza vizuri, akajiona hodari.

Kutoka mahakamani alikwenda moja kwa moja chumba cha plasta, maana hakuwa na mtu mwingine. Binti yake Zuleha alikuwa ameolewa Nkome, huko ziwani, anaanika dagaa. Mageni alikuwa anaosha beseni, mwendesha mkokoteni mmoja aitwaye Pantaleo akikoroma juu ya meza, mguu wake ndiyo kwanza umefungwa. Mageni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama chini ya kabati, akatoa furushi la kaniki, akalifungua. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya plasta.

"Yangu hii?" Zuwena alishtuka. "Hukuitupa?"

"Kitu kilichonyonya jasho la mtu nikitupe jalalani, aje mwenye nia mbaya akiokote? Yaya, mwanangu, hapana. Kila plasta ninayoifungua hukaa hapa mpaka mwenyewe apone. Akipona namkabidhi akazike kwao. Wewe hukupona, ndiyo maana ipo."

Wasomi wa hospitali ile walimcheka kwa tabia hiyo, wakaiita ushamba. Laiti mmoja wao angekuwa mshamba kiasi hicho.

Daktari bingwa wa mifupa alikuwa mmoja tu, Daktari Zamoyoni, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mcheshi na mpole, aliyeutibu mkono wa Zuwena alipoletwa na harufu yake. Alimpokea vizuri, akasema ataandika. Wiki ya pili akasema anatafuta faili. Wiki ya nne akasema mpiga taipu anaumwa. Wiki ya saba akasema, "Mama Zuleha, mambo haya ni mazito, usiyaharakishe." Zuwena aliketi kwenye benchi la nje siku baada ya siku, akimtazama Mageni akibana kucha za watu. Alimwona akiwatuliza watoto kwa kuwaambia plasta ni ugali unaochelewa kuiva. Alimwona akigawa chakula chake cha mchana, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na maziwa ya mgando, kwa mgonjwa aliyetoka mbali. Na jioni moja alimwona Daktari Zamoyoni akipita ndani ya gari la yule mwenye kliniki, wanacheka. Hapo alielewa kwa nini mpiga taipu haponi.

Jumatatu moja, jua lilipozama, majirani walitoka nje kutazama mwezi mwandamo. Zuwena naye alitazama. Mwembamba, safi, kama ukucha. Mwezi wa nne. Mitatu imekwisha.

Hakulia. Aliingia ndani, akatoa kofia ambayo hakuimaliza, akaanza kuufumua uzi kwa mkono wa kushoto.

Kesho yake mchana Mageni alikuja, sare yake ya bluu imelowa jasho. "Mama Zuleha! Leo benchi limekukosa. Unaumwa?"

"Shikamoo, mayu. Siumwi. Yamekwisha. Muda umepita jana, mwezi umeandama."

"Mwezi gani?"

"Wa angani. Miezi mitatu."

Mageni alikaa mkekani, akavua kandambili zake, akamtazama kama anavyotazama kucha inayochelewa. "Hakimu yule ni Mwislamu?"

"Mkristo."

"Basi mwezi wako haujui. Alisema siku ngapi?"

"Tisini."

"Sikiliza. Mimi kalamu sina, lakini miguu ninayo. Mguu uliovunjika hukaa ndani ya plasta wiki sita kamili, Daktari hakubali ipungue wala izidi. Siku uliyotoka mahakamani, Ijumaa, tulimfunga nani?"

"Pantaleo. Alikuwa anakoroma."

"Tulipomfungua Pantaleo, saa ile ile tukamfunga mwalimu Scolastika aliyeanguka baiskeli. Nilichora mkaa mlangoni. Mguu wa Scolastika tumeufungua Ijumaa hii iliyopita. Miguu miwili, siku themanini na nne, na hesabu hiyo nimemwuliza mfamasia mara mbili. Tisini inataka miguu miwili na siku sita. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, leo. Zimekwenda nne." Aliinua vidole viwili mbele ya uso wa Zuwena. "Keshokutwa ndiyo mwisho. Acha kufumua hiyo kofia."

Zuwena alitoa karatasi kifuani. Safari hii alimpelekea jirani. Jirani akasoma tarehe: Alhamisi, keshokutwa. Miezi mitatu yote alilala na jibu kifuani, akalionea haya.

"Lakini hata hivyo," alisema, "Daktari hataandika. Na kesho jioni anapanda treni, anakwenda likizo kwao. Nimesikia benchini."

"Daktari hataandika," Mageni alikubali. "Mzaramo ataandika."

Jumatano, jua lilipoanza kuchomoza, Mageni alikuja kumchukua. Alikuwa amejipaka majivu usoni, amejifunga kaniki kiunoni, na kichwani kabeba furushi. Walikwenda mpaka nyumba za madaktari. Mageni akaketi katikati ya ngazi ya Daktari Zamoyoni, akatia mikono kichwani, akapiga yowe lililowatoa watu hata kwenye foleni ya dirisha la dawa.

"Mzaramo wetu kafa! Oo, mtani wangu! Nani atatuuzia nazi mbovu sasa?"

Mke wa daktari, Mwaisha, alitoka mbio na upawa mkononi. "Kafa nani?"

"Mumeo, dada. Mkono wake wa kuandikia ulikata roho miezi mitatu iliyopita, nanyi mmelala na maiti ndani. Sisi watani tumekuja kuzika."

Mwaisha alikuwa wa Kisarawe naye. Alielewa mara moja, akacheka mpaka upawa ukaanguka. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Msukuma akifiwa, Mzaramo huja kumcheza marehemu, na Mzaramo akifiwa, Msukuma hulala kaburini mpaka apewe chake. Anachosema mtani hakina kesi, na anayemkasirikia hujiaibisha mwenyewe.

Daktari alitokeza na mswaki mdomoni. "Msukuma! Asubuhi yote hii, ng'ombe wako wamekufukuza?"

"Maiti haisemi. Lala chini."

"Chukua kuku uende zako, mla michembe wewe!"

"Kuku wa Mzaramo? Si atakuwa wa kukopa!" Watu wakaangua kicheko. Mageni alikwisha kuona pembeni ya mlango viatu vyeusi vya safari, vimepigwa rangi vinang'aa. Akavichukua vyote viwili, akavikalia. "Urithi nimechagua. Hivi leo havipandi treni."

Daktari alicheka na wenzake, kisha akaona Zuwena amesimama uani na mkono wake umefunikwa kanga, na kicheko kikapungua. Akawaita wote wawili ndani.

"Mama Mageni," alisema kwa sauti ya chini, "yule bwana nimesoma naye. Watoto wetu wanacheza pamoja. Nitaandikaje?"

"Andika ulichokiona."

"Nilichoona ni mkono ulioharibika. Chanzo kinaweza kuwa mambo mengi."

Mageni hakubishana naye. Alilifungua furushi juu ya meza ya chai. Tarehe ya kliniki ilikuwa bado juu ya plasta, kwa kalamu ya zambarau.

"Tia mkono wako, mtani."

"Utani umekwisha, Mama Mageni."

"Haujaisha. Viatu ninavyo. Tia."

Akatia. Mkono wake ulikuwa mwembamba, mkono wa mtu wa kalamu. Mageni akavifunga vile vipande viwili kwa viganja vyake vilivyokamua bandeji miaka yote ile, akabana mpaka kingo zikakutana kama zilivyokuwa kabla ya mkasi. "Hesabu mpaka mia," alisema. Daktari akaanza akitabasamu. Thelathini alikuwa ametulia. Sitini jasho lilikuwa juu ya mdomo. Themanini akaacha kuhesabu. Mageni akambana kucha ya kidole cha kati kwa kidole gumba, akaachia. Wote wanne waliitazama kucha ile, na Mwaisha akiwamo. Ilikuwa nyeupe. Ikabaki nyeupe.

"Yeye alikaa humo siku kumi," Mageni alisema. "Akarudi mara tatu kuomba."

Daktari alitoa mkono, akausugua muda mrefu. Akapitisha kidole ndani ya plasta, akatafuta pamba ambayo haikuwapo. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze alimgeukia Zuwena na kumwuliza, kama mtu anayetaka jibu, "Mama Zuleha, ulirudi kule siku gani na gani? Na uliambiwa nini?"

Zuwena alimwambia. Kiatu kipya. Vidonge. Tabasamu. Hakuongeza hata neno moja, maana hakukuwa na haja.

Taarifa ilikuwa kurasa mbili. Aliiandika asubuhi hiyo, akasimama mwenyewe juu ya kichwa cha mpiga taipu, ambaye hakuwa mgonjwa hata kidogo. Saa tisa alasiri alirudishiwa viatu. Mageni alikuwa amevipiga rangi upya.

Alhamisi Zuwena alifika dirishani kabla halijafunguliwa. Selestine alitazama karatasi, akatazama kalenda ya ukutani. "Mama, nilidhani umekata tamaa. Leo ndiyo siku yenyewe." Akagonga muhuri. Sauti ile Zuwena aliipenda kuliko ngoma ya harusi yake.

Yule wakili wa sauti laini alikuwa ameshaandika ombi la kufuta kesi. Ilibidi alirudishe kwenye mkoba. Daktari Zamoyoni aliporudi kutoka likizo alipanda kizimbani akasema yaleyale aliyoyaandika, huku rafiki yake akimtazama kwa miwani ya dhahabu. Zuwena alishinda. Fidia ilimtosha kujenga vyumba viwili. Vidole havikunyooka, na Akida alituma salamu, hazikujibiwa.

Na Mageni? Mageni alitolewa chumba cha plasta. Hakuna aliyesema kwa nini. Mkuu wa wahudumu alimwambia tu kwamba dobini wanapungukiwa watu, akarudi kufua mashuka kama miaka ya ujana wake. Wakubwa hawasahau mdogo aliyewafanya waseme kweli. Lakini kila siku, akimaliza zamu, alipita kwenye lile benchi la nje na mikono yake inayonuka sabuni, akabana kucha moja moja, na wagonjwa waliokwisha kuruhusiwa walikuwa wanamngoja. "Bado yule mama wa kucha," walisema, wakakataa kuondoka. Mwisho wauguzi vijana nao wakaanza kuzibana kucha kabla yake, kwa kuona aibu.

Jambo moja lilimsumbua. Plasta ilibaki mahakamani, imefungiwa kabatini kama kielelezo. Kila mwisho wa mwezi Mageni alikwenda dirishani kwa Selestine. "Naomba kitu cha mtu wangu."

"Mama, hiki ni mali ya mahakama."

"Mahakama iliwahi kutoa jasho? Nipe tukazike."

Karani akikasirika yeye alicheka, karani akicheka yeye aliketi. Ilichukua miaka miwili. Siku rufaa zote zilipokwisha, Selestine aliwapa vipande vile vimefungwa kwa gazeti, Zuwena akatia kidole gumba mahali pa sahihi.

Walizika nyuma ya vile vyumba viwili, Mageni akichimba kwa jembe la mkono mfupi na Zuwena akitoa udongo kwa mkono wa kushoto. Walipomaliza waliketi ukutani kwenye kivuli. Mageni akauvuta ule mkono uliokunjamana, bila kuomba ruhusa, akaibana kucha ya kidole cha kati, akaachia.

"Mayu, bado unaikagua? Mkono umekufa huu."

"Nyamaza kwanza," Mageni alisema, akitazama. Wekundu ulirudi, polepole, lakini ulirudi. "Haya. Nenda salama."

Zuwena aliingia ndani, akatoka na kofia. Ile aliyoifumua nusu. Mishono yake ya mkono wa kushoto ilikuwa imepinda, fundi mwanafunzi angeionea haya. Aliketi karibu na Mageni, akaibana kofia kwa ule mkono uliokunjamana kama mtu abanavyo kuku, akaendelea kushona.